Pipa la Alwin

Hapa Bamberg, mji wa bia wa Ujerumani, ukikataa bia, mtu hakuulizi kwa nini. Anakuuliza unaumwa nini, tena anashusha sauti, maana akilini mwake umekwisha kulazwa ndani ya jeneza na kinachosubiriwa ni kengele ya kanisa tu. Najua ninachosema. Nimebeba vikombe vya udongo katika baa ya Bwana Baptist tangu enzi za baba yake, na nimewaona wote waliokataa bia. Wengi wao nimekwenda kuwazika.

Kwa hiyo mdogo wangu Alwin alipokatazwa na daktari, niliogopa mimi kuliko yeye.

Alwin alikuwa mtu wa mapipa kwa Baptist. Kazi yake ilikuwa chini ya ardhi, kwenye mapango yaliyochimbwa ndani ya kilima nyuma ya kiwanda chake cha bia: kuyaosha mapipa ya mwaloni, kuyapaka ulimbo wa moto kwa ndani, kuyajaza, kuyasikiliza. Na kwetu mfanyakazi wa kiwanda cha bia hupewa bia yake ya kila siku bure, ni haki yake kama mshahara. Alwin alikunywa haki yake, akanywa na haki ya walio likizo, na nadhani alikunywa hata haki ya marehemu. Mke wake akaondoka. Yeye akahamia kwangu, chumba cha juu, na mwenye kumshikia beseni nikawa mimi. Nilimpenda na kumchukia kwa zamu, asubuhi hivi, jioni vile.

Pasaka ya mwaka juzi alitapika damu. Daktari wake, binti wa kutoka kaskazini asiyejua kuremba maneno, alimwambia ini lake limekuwa gumu kama soli ya kiatu.

"Ukirudia pombe, Bwana Alwin, hata kidogo, usinitafute mimi. Mtafute padri." Kisha akanigeukia. "Na wewe dada mtu, umesikia?"

Nilisikia. Mpaka leo nayasikia maneno yale.

Aliacha. Mtaa mzima ulimpa wiki mbili, naye akawaumbua wote. Aliishikilia ahadi yake kwa jino na ukucha. Lakini kuacha bia ni jambo moja, kuacha meza ni jingine. Kwa Baptist, chini ya dirisha linalotazama mto, iko meza ya wenyewe. Mgeni hakai pale hata baa ifurike. Pale ndipo walipokaa Ottmar, mchinja nyama mstaafu mwenye mdomo usiojua kufunga, Veit, fundi wa mapaa, ambaye husema neno moja kwa saa, Baptist mwenyewe akimaliza shughuli zake, na Alwin. Alipoacha kunywa akaacha na kwenda. Utakaaje pale mbele ya chai? Akawa anashinda chumbani akitazama ukuta. Miezi ile nyumba yangu ilikuwa kimya mpaka nikatamani makelele ya ulevi wake, Mungu anisamehe. Pombe ilikuwa imeacha kumuua, ila upweke ulikuwa umeishika kazi hiyo, na daktari hakuwa na kipimo cha kuupima.

Aliyemwokoa ni Leoni, binti wa Baptist. Leoni alikwenda kusomea bia chuoni, akarudi na wazo ambalo baba yake alilipokea kama habari ya msiba: bia isiyo na kileo. Aliipika kwa kimea chetu kilekile kinachokaushwa kwa moshi, lakini kwa hamira ya aina yake, hamira mvivu, inayoonja sukari kidogo tu kisha inalala. Ikitoka kwenye tangi inatiwa chupani, chupa inafungwa na kupashwa moto ili kisibaki kitu hai ndani, basi.

"Maana utamu bado upo mwingi humo, shangazi Gunda," aliniambia siku moja akibandika vibandiko. "Hamira ya kawaida ikiuona, itafanya karamu."

"Na ikifanya karamu?"

"Itakuwa bia. Bia kabisa, na kileo chake."

Wazee waliipokea walivyozoea kupokea mambo. "Maji ya kuoshea vikombe," alisema Ottmar. "Mkojo wa malaika." Lakini mji ulikuwa unageuka chini ya miguu yetu na hakuna aliyetaka kuangalia chini. Kiwanda kimoja ng'ambo ya mto, kilichokuwapo kabla ya babu wa babu yangu, kilizima majiko yake, na chumba cha matangi ya shaba kikageuzwa mahali pa watu kujinyoosha juu ya mikeka. Huku kwetu vijana wakaanza kuingia, wakaagiza ya Leoni, wakaondoka wamenyooka vilevile walivyoingia. Wakafuata waendesha baiskeli. Kisha madereva, wajawazito, wapiga tarumbeta wa bendi ya kanisa, na mwisho padri mwenyewe, ambaye zamani tulikuwa tunampeleka nyumbani kwa mkokoteni. Mapipa ya mti yakawa yanarudi ghalani na bia ndani. Kipya kinyemi, kingawa kidonda.

Na baa ilijaa! Hilo ndilo lililonitia baridi. Nilipita kati ya meza na trei yangu nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia mle: watu wanaongea kwa sauti ya kawaida. Hakuna anayeimba, hakuna anayelia juu ya bega la mwenzake, hakuna anayetaka kupigana. Wanakunywa, wanatazama saa, wanaaga. Ottmar alikuwa akiwaangalia wakitoka, kisha anafanya ishara ya msalaba chini ya meza akidhani hatumwoni.

Lakini Alwin alirudi mezani. Nilimshusha mwenyewe ngazi nikimshika mkono, nikamwekea chupa ya Leoni mbele yake na kikombe kitupu kando. Ottmar akasogea kumpisha bila kusema kitu, na Ottmar kutosema kitu ni zawadi. Veit akasema, "Haya." Nilikwenda jikoni nikalia juu ya vitunguu tunavyojaza nyama, na mpishi akadhani ni vitunguu.

Utani ulianza siku ya pili, kama ilivyo ada.

"Jamani, nyamazeni, mtoto ananyonya chupa yake!"

"Gunda, umempashia moto? Asije akapata tumbo."

"Alwin, ukimaliza tukupigepige mgongoni ucheue?"

Alwin alicheka nao. Alicheka vizuri majira yote ya joto. Majani yalipoanza kuanguka nikaona kicheko chake kinafupika, na nilijua sababu, kwa kuwa Novemba ilikuwa inakuja.

Novemba ndipo tunapotoboa bia kali ya mwaka. Kila kiwanda kina siku yake, na siku hiyo meza ya wenyewe hunywa kutoka pipa moja la mti, lililowekwa juu ya kaunta mbele ya watu wote. Anayekaa mezani anakunywa kutoka kwenye mti. Chupa haiingii. Sheria hiyo haikuandikwa popote na hakuna aliyewahi kuivunja. Mwaka wa kwanza Alwin alibaki nyumbani amejifunika blanketi mpaka kichwani. Safari hii alisema atakwenda.

"Nitasimama pale mlangoni na chupa yangu," aliniambia. "Kama mpita njia."

Aliyasema hayo Baptist akisikia. Baptist ni mtu mkubwa, mwekundu, mwenye moyo laini ambao ameuficha chini ya matusi. Alikua pamoja na Alwin, wameiba tufaha pamoja, na nadhani siku zote alijiona ana mkono katika lile ini. Nikamwona ameweka chini kitambaa alichokuwa akifutia kaunta.

"Hakuna rafiki yangu atakayesimama mlangoni kwangu kama mbwa wa jirani," alisema. "Nitamwekea ya Leoni ndani ya mti. Pipa lake mwenyewe. Litakaa kando ya letu."

Leoni alitoka ofisini kabla baba yake hajamaliza kusema.

"Baba, hapana. Ile ni ya chupa tu."

"Mti haujawahi kumdhuru mtu."

"Mti una hamira katika kila ufa. Mapipa yako yamelala na bia kali miaka na miaka. Ukiitia ile humo haitabaki ilivyo."

"Nitaliosha kwa maji yanayochemka."

"Hata ukilichemsha zima! Baba, nisikilize basi."

"Mimi nimezaliwa juu ya mapipa, mama. Wewe umeyakuta darasani."

Alimwita mama kwa upole, na huo upole ndio uliomkasirisha binti. Akavua aproni, akaitupa juu ya kiti. "Shauri yako. Lakini usije ukasema hukuambiwa." Asubuhi yake alipakia kreti zake akaenda Nuremberg kwenye maonyesho ya vinywaji, na kutoka huko kaskazini kwa wanunuzi, asingerudi mpaka sherehe ipite. Mimi niliyaona yote kama ugomvi wa baba na mtoto juu ya nani anajua zaidi. Katika nyumba ile waligombana hata juu ya chumvi.

Baptist alichagua pipa dogo, la mwaloni mzuri, lililotoka kumaliza bia kali ya mwaka uliotangulia. Akalimiminia maji ya moto, akalinusa, akaridhika. Akalijaza kutoka tangi la Leoni kabla bia haijafika chupani, akaligonga kizibo, akaandika herufi A kwa chaki. Hakuliweka pangoni kwenye baridi. Aliliegemeza kwenye ukuta wa nyuma wa jiko, penye uvuguvugu, ili mti "uifundishe adabu," kama alivyosema.

Siku chache baadaye nilikwenda kule nyuma kuchukua viazi. Mpishi alikuwa ametoka, jiko lilikuwa kimya, na katika ukimya ule nikasikia mtu ananong'ona. Niligeuka. Hakukuwa na mtu. Nikasogea. Lilikuwa pipa. Pembeni ya kizibo palikuwa na povu jembamba, linachuruzika kidogo, linakauka, linachuruzika tena, na kando yake mti umelowa. Nilisimama pale na kikapu mkononi, viazi nimevisahau, mimi niliyekulia kati ya mapipa.

Nikamwita Baptist. Akaweka sikio kwenye ubao, akafumba macho, akatabasamu kama babu aliyesikia mjukuu tumboni.

"Inapumua."

"Za chupani hazipumui."

"Ndiyo maana hazina ladha."

"Baptist, umeipima?"

"Nimeipima ikitoka tangini. Haina kitu. Sifuri na chembe ya sifuri."

"Nauliza sasa. Ndani ya mti."

Alinitazama kama niliyemwomba avue suruali. Kwetu bia ikishaingia kwenye mti haipimwi tena na mtu yeyote. Inaonjwa siku ya kutobolewa, mbele ya wote, si kabla. Kuipima humo ni kumwambia mwenye pipa kwamba humwamini, na baba yake, na fundi aliyezipinda mbao. Kosa la kutopima lingefanywa na watu wa mji huu peke yao, maana mahali pengine wangechukua kijiko tu wakaonja.

"Gunda," alisema, "chukua viazi vyako." Akaokota nyundo akakigonga kizibo kikaingia zaidi. Mnong'ono ukakoma. Ulikuwa bora ulipokuwa unasikika.

Nyumbani nilimkuta Alwin anapiga pasi shati lake la Jumapili huku akipiga mluzi. Niliona nimwambie, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akijua sauti za mapipa, na kwa sababu nilitaka anicheke nitulie.

"Pipa lako linanong'ona."

Mluzi ukakatika.

"Povu lake dogodogo au kubwa?"

"Dogo. Jembamba."

"Jeupe? Au lina rangi?"

"Jeupe. Kwani ina maana gani?"

Alitazama pasi, akaiinua kabla haijaunguza, akaendelea kupiga kola ileile aliyokwisha kuinyoosha. "Haina maana yoyote, dada," alisema. "Mapipa yana vituko vyake." Hakupiga mluzi tena jioni ile. Alilala mapema na nilimsikia anajigeuza kitandani, kama alivyokuwa akijigeuza wiki za mwanzo alipoacha.

Siku ya kutoboa ukungu ulitoka mtoni ukaingia mpaka barazani, na moshi wa kimea ukashindwa kupanda. Ulitambaa barabarani na kuingia kwenye nguo za watu. Tulifungua mchana. Ilipofika saa kumi baa haikuwa na mahali pa kuweka mguu. Walikuja wote, wa zamani na wapya, maana habari za mapipa mawili zilikuwa zimezunguka mji, na kila mmoja alitaka kuona kichekesho hicho. Mapipa yalikaa juu ya kaunta, bega kwa bega. Lile dogo lilikuwa limefura kidogo katikati. Niliambiwa ni macho yangu.

Alwin alikaa mahali pake, dirishani, shati jeupe, nywele amezilowesha na kuzichana. Mikono ilikuwa juu ya meza, imefumbatana. Mbele yake kikombe cha udongo kama cha wenzake. Chupa haikuwapo. Ottmar alikuwa amemkumbatia bega.

"Leo mtoto ameachishwa ziwa!" alitangaza, na baa nzima ikacheka, na Alwin akacheka, lakini macho yake yalikuwa kwenye pipa na hayakuondoka hapo.

Baptist alilitoboa kubwa kwanza. Mapigo mawili, bilula ikazama, watu wakashangilia. Kisha akasogea kwa lile dogo, akaweka bilula, akainua nyundo ya mti. Pigo la kwanza tu, bia ikaruka mpaka darini. Ilimlowesha Baptist uso na kifua, ikawanyunyizia walio mbele, na watu wakapiga mayowe ya furaha, maana tulizoea ya Leoni ikimiminika kimya kama maji ya bomba. Baptist alipangusa macho akicheka.

"Mmeona? Mmeona mti unavyofanya?"

Kikombe cha kwanza alimpelekea Alwin kwa mkono wake mwenyewe. Nilisimama karibu, trei kifuani. Alwin alikishika kwa mikono miwili. Alinusa. Aliinua, akanywa, na lile funda la kwanza hakulimeza mara moja. Alilikalisha mdomoni, macho amefumba. Kisha koo likashuka. Na mabega yake yakashuka pia, yale mabega ambayo tangu hospitali yalikuwa yamepanda karibu na masikio. Alifungua macho akatazama mto nje, ingawa kwa ukungu ule hakukuwa na mto wa kuona.

"Haya?" aliuliza Veit.

"Nzuri," alisema Alwin.

Ottmar akamnyang'anya kikombe, akaonja, akakipiga mezani. "Baptist! Jamani, hii ni bia! Kumbe kilichokosekana ni mti tu! Leteni, leteni na mimi ya watoto!" Basi wakaisogelea wote, na wale vijana, na madereva, na padri. Nilimimina mpaka mkono ukauma. Na polepole, kadiri lile pipa dogo lilivyokuwa likipungua, baa ikaanza kupata sauti yake ya zamani. Mtu aligonga meza. Mtu akaanza wimbo. Msichana mmoja wa wale wa baiskeli alicheka akashindwa kujizuia, akalaza kichwa kwenye bega la mtu asiyemjua. Nilitazama huku na huku, kisha nikamtafuta Alwin kwa macho.

Alwin alikuwa kwenye kikombe cha tatu. Goti lake la kushoto, ambalo lilitetemeka chini ya meza kila siku tangu aache, lilikuwa limetulia. Masikio yake yalikuwa mekundu. Niliyajua masikio yale kuliko ninavyojua uso wangu.

Nikaenda nyuma ya kaunta, nikakinga kidole chini ya bilula, nikaonja. Haikuwa kali kama ile ya pipa kubwa. Lakini ilikuwa bia, bia kamili, na joto lake lilinishuka kifuani bila kuuliza njia.

Nilimvuta Baptist mkono. "Ina kileo."

"Gunda, leo usiniharibie."

"Onja!"

"Nimelowa nayo mwili mzima, unataka nionje nini? Nimepima mwenyewe."

"Ulipima tangi! Baptist, ile ni bia, imechacha humo, Leoni alikuambia. Amekunywa vikombe vitatu. Utamuua!"

Nilikuwa nimepaza sauti, na walio karibu wakageuka. Baptist alibadilika rangi, si kwa hofu, kwa aibu: kubishiwa juu ya pipa lake mbele ya mji. Ottmar akadakia.

"We Gunda, mbona umekunja uso kama umelamba siki? Miaka yote unabeba bia, hujui kuionja?"

"Tusibishane," alisema Baptist. "Yupo anayejua kuliko sisi wote. Alwin! Ulimi wako unajua kila pipa la nyumba hii. Dada yako anasema hii ina kileo. Sema wewe. Ukisema inacho, naimwaga yote mtoni sasa hivi, naapa kwa kaburi la baba."

Hata walioimba waligeuka kumtazama. Alwin aliniangalia. Macho yake yalikuwa yanang'aa, na ndani yake nilimwona mdogo wangu akinitazama kutoka mbali, kama mtu aliye ndani ya treni iliyokwisha kuanza kuondoka. Nilitingisha kichwa. Nilimwomba kwa macho. Sema tu. Neno moja.

"Haina kitu, dada," alisema. "Ni maji ya shayiri."

Baa ikalipuka. Waligonga meza kwa viganja, waliita jina lake, mtu akasema mpeni Gunda kiti, mama wa watu amechoka. Baptist alinipiga bega taratibu, akinisamehe. Na Alwin akainua kikombe kitupu juu, kwangu, ili nimjazie.

Nikaelewa kwamba hapakuwa na mtu hata mmoja mle aliyetaka kujua. Walitaka meza yao irudi kama zamani, na ilikuwa imerudi. Hasira iliyonishika sijawahi kuipata tena maishani. Niliwachukia wote, na ukungu wao, na mti wao, na mapango yao, na yeye zaidi ya wote.

Nyundo ilikuwa juu ya kaunta. Niliishika nikaipiga ile bilula ubavuni kwa nguvu zangu zote. Ikachomoka ikaruka ukutani, na bia ikatoka kwa shimo zima, nene, ikamwagika kaunta na sakafuni, povu likienda chini ya meza. Mayowe. Viti vikaanguka, watu wakarudi nyuma wakiinua viatu na pindo za makoti, Ottmar akinitukana mimi na ukoo wangu, Veit akimvuta padri kwa mkono. Wote walirudi nyuma.

Alwin alikuja mbele. Alipita katikati yao, akapiga magoti kwenye ile sakafu iliyofurika, na shati lake la Jumapili, akakinga kikombe chini ya mkondo. Kikombe kilipojaa akakiweka chini, akakinga viganja.

"Acha, ndugu yangu," alisema Baptist, bado anacheka kidogo, hajui aseme nini. "Inuka bwana, unajilowesha bure. Kreti zimejaa kule nyuma, ni ileile, nakufungulia sasa hivi."

"Ya chupa sitaki," alisema Alwin.

Hakuinua kichwa aliposema. Hakuna aliyecheka. Baptist alitazama mkono wake uliolowa, akaupeleka mdomoni polepole, akaulamba, na nikaona uso wake ukipauka mpaka midomo ikawa myeupe. Mimi nilimshika Alwin kwapani. Alikuwa mwepesi siku hizo, ningeweza kumpandisha ngazi za nyumbani mgongoni kama mtoto, lakini sikuweza kumwinua kutoka pale.